Nani Kawaambia Faili Limekufa?

Shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba. Sasa wekeni simu chini mnisikilize, maana juzi nimepita kwenye ile korido yetu ya Kariakoo, pale ilipokuwa meza yangu, nikamsikia mmoja wenu anamwambia mteja: "Mama, hili faili limekufa. Tupige tu fomati, tufute vyote, angalau flashi ibaki nzima." Hata hakuwa amelifungua. Hata hakumuuliza yule mama ndani kuna nini. Limekufa! Nani kawaambia? Mlikuwepo kwenye mazishi?

Mimi nimestaafu, sijafa. Macho yamegoma na parafujo siku hizi wanazitengeneza ndogo kama mayai ya chawa, basi nikaona niwaachie. Lakini kuwaachia meza si kuwaachia upuuzi.

Kwa wasionijua, mimi ndiye Fundi Tatu, mtu wa Lindi niliyezeekea Kariakoo. Nimeanza na deki za mikanda, zikaja za sidii, zikaja sabufa za kuchomeka flashi, zikaja runinga bapa na kompyuta. Kila kilipoingia kifaa kipya alitokea mwanaume wa kuniambia, "Hiki sasa Bi Tatu hukiwezi, hiki cha vijana." Wa kwanza kusema hivyo aliacha ufundi akaenda kuuza mihogo ya kukaanga. Sina ugomvi na mihogo, naila. Nasema tu kwamba mimi nilibaki.

Aliyenifundisha ni Mzee Jumbe, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa namletea chai. Kila nikileta kikombe nauliza, hiki nini, kile nini, mpaka siku moja akasema, "Wewe binti, ama uache kuuliza, ama ukae." Nikakaa. Deki ya kwanza kuniachia ilikuwa ya bwana mmoja aliyelalamika kwamba haionyeshi picha. Weee! Nikaifungua yote. Nikasafisha kichwa kwa spiriti, nikakaza mikanda, nikapuliza vumbi, nikaifunga. Picha hamna. Nikaifungua tena. Mzee Jumbe ananitazama tu, anakunywa chai yake taratibu. Jua lilipokaribia kuzama akamgeukia mteja: "Ndugu yangu, huu mkanda umewahi kucheza popote?" Yule bwana akajibu, "Aa, ndio kwanza nimeununua leo pale mtaa wa pili." Mkanda mtupu! Haujawahi kuingizwa kitu tangu uzaliwe. Mzee Jumbe alicheka mpaka chai ikampalia. Akaniambia, "Tatu, uliza kwanza, bisibisi baadaye."

Hilo ndilo somo lenyewe, na mengine yote ni watoto wake. Video ikigoma, uliza. Imewahi kucheza? Imecheza wapi? Imetoka kwenye simu, kamera au kwa jirani? Nani aliichomoa flashi, na aliichomoa vipi? Mtu akikuambia "ilijiharibu yenyewe", mpe kiti akae, maana hapo kuna hadithi.

Alikuja kuli mmoja wa bandarini, mtu wa kifua, kashika flashi kwa vidole viwili kama anashika kinyonga. Majina ya muvi yote yapo, yamejipanga, lakini ukibonyeza hakuna inayocheza. Mafundi wawili walishamwambia kompyuta yake mbovu. Mimi nikamuuliza, "Kaka, hii flashi umenunua wapi?" Akasema barabarani, kwa kijana anayetembeza, tena inaingia vitu vingi ajabu kwa bei ya soda. Basi. Flashi za namna hiyo zinasema zina nafasi kubwa, zinapokea kila unachozipa, zinaandika na jina, kumbe tumbo lenyewe dogo, vingine vyote zimemwaga. Msiniambie hamzijui, baadhi yenu mnaziuza.

Na nyinyi mnaobadilisha herufi za mwisho za jina la faili mkidhani mmelitengeneza, muache. Ukimwita mbuzi ng'ombe, maziwa hayaongezeki. Sauti ikija bila picha, mara nyingi faili ni zima, ila limefungwa kwa namna ambayo runinga ya zamani haiwezi kuifungua. Ligeuze kwenye kompyuta liwe la namna ambayo runinga inaielewa. Usimuuzie mtu waya mpya. Na kabla ya lolote, nakili. Fanya kazi kwenye nakala, ile ya mwenyewe usiiguse. Anayefanyia majaribio faili la mtu kabla ya kunakili ningekuwa na uwezo ningemchapa.

Sasa nije kwenye lile ambalo Chande, jirani yangu wa meza, alikuwa ananichekea. Mimi meza yangu ilikuwa na pazia la kitenge, na kompyuta imetazama ukutani. Chande akipaita pale "chumba cha mwali". Acha aite. Mnajua wenyewe sherehe zetu za wanawake, bibi harusi anapofundwa. Pale mlangoni simu zinakusanywa kwenye kapu. Ndani mitandio inavuliwa, watu wanacheza wanavyojua wenyewe, mama wa miaka sabini anakata kiuno ambacho mumewe mwenyewe kakisahau. Mpiga video ni mwanamke, mmoja tu, na akishamkabidhi bibi harusi flashi anafuta kadi ya kamera mbele ya macho ya huyo bibi harusi. Mwanaume haioni ile video. Si mume, si kaka, si fundi. Sasa ikigoma kucheza ipelekwe kwa nani? Kwa Chande? Thubutu! Ilikuja kwangu, nyuma ya pazia.

Ninayowasimulia sasa nimepewa ruhusa na wenyewe. Mmoja wao kaniambia, "Waambie tu, ila usisahau kusema kitambaa nilianza mimi." Mtamjua.

Siku moja asubuhi kaja binti anaitwa Salma, wa Mchafukoge, hapa jirani, bibi harusi mpya, hina bado haijafifia mikononi. Kasalimia, "Shikamoo Bibi Fundi," kisha machozi. Mama yake, Bi Shamsa, alipata kiharusi siku chache tu baada ya harusi. Mkono wa kulia umelala, mdomo umevutika, na maneno yamekwenda. Hasemi. Anaguna tu. Na kule kwenye sherehe ya kumfunda Salma, mwisho kabisa, ngoma ziliponyamaza, Bi Shamsa alisimama akampa mwanawe nasaha.

"Sikuzisikia, Bibi," akaniambia. "Nilikuwa nimefunikwa kanga, nalia, masikio yanavuma. Nikasema si kitu, nitazisikiliza kwenye video."

Video ya sherehe ilikuwa inacheza vizuri, lakini ile sehemu ya mwisho, ya nasaha, ilikuwa faili peke yake, na lile faili lilikuwa limegoma kote.

Nikauliza kwanza. Nikampigia mpiga video, Rehema. Akasema betri ya kamera ilizima Bi Shamsa akiwa bado anazungumza. Nikajua ugonjwa. Sikilizeni vizuri hapa, maana hili mtakutana nalo. Kamera ikirekodi inaandika picha na sauti mfululizo, na ukibonyeza kusimamisha ndipo inaandika mpangilio, kwamba hiki kiko wapi na kile kiko wapi. Betri ikifa kabla ya hapo, picha zote zimo na sauti yote imo, ila mpangilio haumo. Kompyuta inatazama, haioni pa kuanzia, inasema faili bovu. Si bovu!

Dawa ipo. Unatafuta video nyingine, nzima, iliyopigwa na kamera ileile, unaipa programu iisome mpangilio wake, kisha ipange ile iliyokatika kwa mfano huohuo. Wala huhitaji kuitazama. Lakini lazima iwe mbichi, kama ilivyotoka kwenye kamera. Ile sherehe nyingine yote Rehema alishaipika kwenye kompyuta yake, kakata, kaunga, katia na maua. Haifai. Kadi alishafuta kama desturi inavyotaka. Na kamera yenyewe ameshaiuza kwa mtu aliyekuwa anapita kuelekea Songea.

"Hakuna mtu yeyote uliyempa mbichi?" nikamuuliza.

Akakumbuka. "Yupo mmoja. Bi Kidawa. Harusi ya binti yake. Alikataa nisikae na video yake hata siku moja. Aliniambia, hakuna kupika wala kupakua, nipe changu chote kilivyo."

Nilipomtajia Salma jina la Bi Kidawa, akajishika kichwa. "Bibi, huyo na mama hawasemezani."

Kumbe walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana, jengo moja, ghorofa moja. Wakaanza kununiana kwa jambo ambalo Salma mwenyewe halijui. Halafu ukafika wakati wa kuchagua sare ya sherehe ya Salma, na Bi Shamsa, kati ya vitambaa vyote vya Kariakoo hii, kachagua kilekile Bi Kidawa alichowavalisha watu wake kwenye harusi ya binti yake. Kilekile, rangi ileile! Bi Kidawa kadi ya mwaliko alipewa, hakuja.

Tukiwa hapo kafika mjomba wake Salma na haraka zake. Chande, meza ya pili, kashamsomea hukumu: "Mzee, la kuvunda halina ubani. Lakini kuna jamaa zangu, tukiwatumia kwa mtandao wanaweza kujaribu." Mjomba akaniambia nimpe flashi.

"Humu kuna wanawake wamevua mitandio," nikamwambia. "Faili hili haliendi kwenye mtandao, haliendi kwa jamaa."

"Bi Tatu, dada yangu anaumwa. Huu si wakati wa mambo ya mapazia. Na yeye mwenyewe hawezi hata kusema, atalalamika nani?"

Jamani. "Kwa kuwa hawezi kusema," nikamwambia, "ndiyo tumvue mtandio?"

Salma alikuwa anatutazama kwa zamu, maskini, mkono mmoja heshima ya mama yake, mkono mwingine sauti yake. Nikaitia flashi kifuani, mahali ambapo mjomba asingethubutu kuifuata, nikamwambia Salma, "Twende kwa Bi Kidawa."

Bi Kidawa tulimkuta mlangoni, kajifunga kanga mbili, hajatukaribisha wala hajatufukuza. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Salamu haniletei, aniletee faili?"

"Hajakuletea yeye. Nimekuletea mimi."

"Mwambie akashone sare nyingine. Kitambaa changu kachukua, sasa na video yangu anataka!"

"Bi Kidawa," nikamwambia, "video yako siitazami, hata kidogo. Inasomwa mpangilio tu, halafu naifuta mbele yako. Ukitaka kumkomoa Shamsa subiri apone, mkomoe vizuri akiwa na mdomo wa kukujibu. Kumkomoa sasa kuna raha gani?"

Akanitazama. Mimi nikamtazama. Kama ubishi ni mali, pale palikuwa na matajiri wawili. Mwisho akasema, "Nakuja mwenyewe. Flashi yangu haitoki mkononi mwangu. Na ikifunguka, nataka niione. Nijue alinisema nini mbele za watu, akiwa ndani ya kitambaa changu."

"Hiyo siwezi kukupa. Ile ni ya Shamsa. Kamwombe mwenyewe."

Basi tukaenda kwa Bi Shamsa, baada ya Alasiri, mimi na kompyuta yangu begani. Ni milango miwili tu kutoka kwake, lakini Bi Kidawa alivaa kama anakwenda harusini Upanga. Mjomba nilimkuta sebuleni, nikamtoa. Alitaka kubisha, nikamwonyesha mlango kwa kidole. Wanaume wote nje.

Bi Shamsa alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto. Alipomwona nani kaingia, jicho halikupepesa. Bi Kidawa kasimama katikati ya chumba, flashi kaifumbata. Nikasema mimi: "Bi Shamsa, shoga yako ana dawa ya video yako. Ila anataka kuitazama pamoja na sisi. Yako hiyo, sema wewe."

Akamtazama Kidawa muda mrefu. Salma alikuwa ameshika mlango. Kisha Bi Shamsa akainua mkono wa kushoto, akapiga godoro, pale palipokuwa wazi pembeni yake. Bi Kidawa akaenda akakaa.

Nikanakili kwanza, kama ninavyowapigia kelele. Nikaipa programu video ya Bi Kidawa isome, nikaipa na ile iliyokatika. Mara ya kwanza ikatoka sauti inakwaruza, picha kijani tupu. Salma akaanza kulia. "Nyamaza," nikamwambia, "sijaanza." Rehema aliwahi kuniambia kamera aliiseti tofauti mchana na usiku, na nasaha zilitolewa usiku. Nikamuuliza Bi Kidawa ana kipande gani kingine, akasema kipo kile cha usiku, cha kukata keki, lakini mle yeye kacheza vibaya. "Hakuna anayekitazama!" Akanipa huku ananung'unika.

Nikabonyeza. Tukasubiri. Na Bi Shamsa akatokea, amesimama wima, mikono yote miwili inafanya kazi, ndani ya ile sare iliyoleta ugomvi. Na sauti. Sauti nzito ya mtu wa pwani aliyezoea kusikilizwa. Salma akaanguka magotini hapohapo mbele ya kompyuta.

"Mwanangu," Bi Shamsa wa kwenye video akasema, "ya mume nimeshakwambia ya kutosha, sasa nikwambie la shoga. Usikae bila shoga. Mimi nina wangu, na leo hayupo. Mnaniuliza kwa nini nimewavalisha kitambaa cha watu. Nimekusudia! Namjua Kidawa. Nilijua akisikia atakuja juu, atanifuata hapa hapa mlangoni anitukane. Nami nilitaka aje anitukane, nimvute mkono nimwingize ndani. Tangu magharibi nautazama mlango. Hakuja."

"Mpumbavu wewe!" Bi Kidawa akapiga kelele, si kwa video, kwa Shamsa aliye pembeni yake. "Mpumbavu! Si ungenipigia simu!" Analia huku anafoka. Na Bi Shamsa, wallahi, akacheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Kwenye video aliinua kidole. "Sasa wewe Salma, nisikilize. Siku ukigombana na mtu wako, usi..."

Ikakatika. Betri. Hapo ndipo kamera ilipokufa, na kisichorekodiwa hata mimi sikirudishi. Nilirudia, nikarudia tena. "Usi", halafu giza.

Salma akageuka kwa mama yake, bado kapiga magoti. "Usi nini, mama? Nisifanye nini?"

Bi Shamsa akafungua mdomo. Tukaona jinsi anavyolitafuta lile neno, shingo imekaza, jasho linamtoka. Halikuja. Akaacha. Akapeleka ule mkono wake mmoja kwenye kanga ya Bi Kidawa, akaikamata pindo, akaizungusha kwenye vidole mpaka ikabana, akamtazama mwanawe.

"Umeona?" Bi Kidawa akamwambia Salma. "Ameshasema."

Nikaifuta video ya Bi Kidawa mbele yake, kama nilivyoahidi, nikafunga kompyuta yangu. Bi Kidawa hakuinuka kunisindikiza. Angeinuka vipi, na kanga imeshikwa vile? Haya, sasa aje mmoja wenu aniambie tena habari za fomati.